Mkunga na Foleni ya Vinywa

Jina lake silisemi. Nikilisema, kesho asubuhi nusu ya avenyu yetu itakuwa mlangoni pangu, kila mtu na lake: huyu atasema alipokelewa duniani na mikono yake, yule atasema alipigwa naye kofi bombani, na wote watakuwa wanasema kweli. Sisi tulimwita Mama Mukunga. Aliwazalisha mama zetu miaka mingi, na alipoona hiyo haimtoshi akajipa kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma: kukagua meno ya watoto wa mtaa mzima kabla hawajaenda shule.

Aliifanyia bombani, saa kumi na mbili asubuhi. Mkiwa mmekaa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, mnajua bomba la mtaa lilivyo saa hiyo: ndoo za njano, wamama wanaosukumana na kusalimiana kwa wakati mmoja, wauza ndagala, dagaa wetu, wanapanda kutoka ziwani na mabeseni yanayodondosha maji. Katikati ya fujo hiyo kulikuwa na foleni yetu, kila mtoto na kikombe chake na mswaki wake. Yeye alikaa juu ya kibao, kitenge kimefungwa kwapani, kijiko mkononi.

"Mwingine! Fungula kinywa!"

Alitazama juu, akatazama chini, akaenda nyuma kabisa kule magego yanakojificha, akainua ulimi kwa mpini wa kijiko. Ukiwa safi alisema, "Haya, pita." Ukiwa na ndagala wa jana katikati ya meno alisema, "Rudia." Hukumu ya tatu haikuwepo. Ukirudia mara tatu unachelewa shule, na mwalimu akikuuliza umechelewa kwa nini, ukamjibu ni Mama Mukunga, anakuachia. Hata walimu walimwogopa.

Sasa sikilizeni jambo langu. Nilipofika mbele yake nimefungua kinywa kama wenzangu, aligeuza uso upande wa ziwa, akasema, "Wewe, pita." Hivyo tu. Miaka yote ya shule ya msingi sikumbuki siku hata moja aliyotazama ndani ya kinywa changu. Na hapo mimi ndiye niliyekuwa na kinywa cha kutazamwa! Juu upande wa kulia, pale jino la chonge linapokaa, sina kitu. Jino la utoto halikuota, la ukubwani halikuota. Pengo. Shuleni waliniita Kipengo mpaka walimu wengine wakadhani ndilo jina langu la ubatizo. Mama yangu nilipomuuliza alisema Mungu aliniumba hivyo, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria motoni.

Niliamua kwamba Mama Mukunga ananichukia kwa sababu ninamharibia foleni. Mtoto hahitaji ushahidi mwingi.

Siku moja, nafikiri nilikuwa wa miaka tisa, nilikataa kupita. Nilisimama pale mdomo wazi mpaka taya likauma, watoto nyuma yangu wanapiga kelele. Aliendelea kutazama ziwa. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Pita, mutoto yangu. Nakuomba, pita." Nilikwenda shule ninalia, na nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Lakini hebu nimtendee haki, maana ninampenda, na asubuhi zile ninazitamani hadi leo. Watoto wangu wa siku hizi wanapiga mswaki ndani, kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, na hakuna anayejua wamefanya nini humo. Sisi tulikuwa thelathini tunatema mate kwa zamu kwenye mfereji mmoja. Kulikuwa na povu jeupe linateremka mpaka barabarani, na kuku wa jirani walikuwa wanalikimbia.

Ufundi wake ulikuwa na mambo machache, na aliyarudia mpaka tukawa tunayasema usingizini. Asubuhi na kabla ya kulala, na ile ya kabla ya kulala ndiyo kubwa, baada yake hakuna kula tena. Mswaki unaenda kwa duara ndogondogo, polepole, hadi kwenye ufizi, usipitwe na upande wa ndani. Dawa ya meno, kwa wadogo ni punje ya mchele, kwa wakubwa ni punje ya haragwe, kwa sababu ilikuwa ya taabu kupatikana na kwa sababu zaidi ya hapo ni kujionyesha. Ukimaliza, tema, na usisukutue sana, acha dawa ibaki inafanya kazi. Na ulimi nao, jamani, ulimi! Aliwaambia wavulana wakubwa kwamba hakuna msichana wa Kalemie atakayeolewa na ulimi mweupe.

Asiyekuwa na mswaki wa dukani alimchongea wa mti. Alikata kijiti kibichi, akakitafuna ncha mwenyewe kumwonyesha mtoto jinsi nyuzi zinavyotoka, kisha akamkatia kingine. Mswaki wa dukani nyuzi zikilala, alikunyang'anya. Akina mama walilalamika, yeye akajibu, "Huu sasa ni wa kusugulia viatu, mama. Peleka kwa viatu."

Vita vyake vikubwa vilikuwa na jirani yetu mmoja, fundi wa reli, mzee mwenye heshima zake, aliyesugua meno kwa makaa yaliyosagwa na mchanga wa ziwa. Meno yake yalimetameta, na alikuja bombani kusudi, akacheka karibu na foleni ili watoto waone.

"Papa, unasugua meno ao unasugua sufuria?" Mama Mukunga alimuuliza.

"Muangalie weupe huu, mama! Dawa yenu ya dukani itanipa hii?"

"Sufuria nayo inang'aa, Papa. Inang'aa mpaka siku inatoboka."

Walibishana hivyo miaka. Kisha asubuhi moja mzee alikuja na shavu limevimba, kichwa kimefungwa kitambaa, akapanga foleni nyuma ya watoto wa darasa la kwanza. Tulingoja aaibishwe. Mama Mukunga akamwita mbele, akatazama, akamwambia kwa upole aende hospitali leo hii, asingoje kesho, na akamtuma mtu amsindikize. Hakumcheka. Alipokwisha kuondoka, mtoto mmoja alithubutu kucheka, naye akarudishwa mara nne.

Mwenyewe hakuwa malaika. Chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Tukimuuliza alijitetea kwamba anakunywa pamoja na chakula, mara moja, halafu anapiga kikombe cha maji, si kama sisi wenye kulamba peremende asubuhi mpaka jioni. "Sukari si kosa, kosa ni kumupatia chumba cha kulala," alisema, na sisi tukawa tunaona sukari imelala kitandani imejifunika shuka. Tena alipenda miwa kupita kiasi. Nimemwona kwa macho yangu sokoni akimenya muwa kwa meno, na aliponiona akauficha nyuma ya kitenge.

Na kuna habari ya chupa. Harusini, ukumbi umejaa, kifungulio hakionekani, watu wana kiu, Mama Mukunga akachukua chupa ya soda akaifungua kwa gego. Kwa meno! Yeye! Jino likavunjika kipande, na meza nzima ilisikia. Tulidhani kesho yake hatakuja bombani. Alikuja mapema kuliko siku zote. Alitupanga mstari, akafungua kinywa chake mwenyewe, akatupitisha mmoja mmoja tuangalie.

"Munaona ujinga? Huu unaitwa ujinga wa muntu mukubwa. Haya, mwingine, angalia."

Mimi pia nilipita, nikaangalia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilifikiri: mbona unanionyesha chako na changu hutaki kukiona?

Jambo moja tu lilimtoa kabisa kwenye utani. Kwetu, mtoto mchanga akipata homa na kuhara, kuna watu watakaomfungua mdomo, waone ufizi umevimba mweupe pale chonge litakapoota, na waseme: ana meno ya plastiki. Ni meno mabaya, wanasema, yana mdudu, ndiyo yanaleta homa, lazima yachimbuliwe kabla hayajaua mtoto. Na wapo wa kuyachimbua, kwa kitu chochote chenye ncha. Mama Mukunga akisikia neno hilo likisemwa katika nyumba, hata upande wa pili wa mto Lukuga, aliacha alichokuwa anakifanya akaenda. Nyumba moja walimfungia mlango. Alikaa kwenye kizingiti tangu asubuhi mpaka jua likasimama kichwani, akisema kwa sauti ya kusikika barabara nzima kwamba mule hakuna plastiki, mule kuna jino la Mungu halijatoka, na homa ina dawa yake hospitali. Mwishoni yule mama alitoka na mtoto mgongoni wakaongozana hadi hospitali. Watu walisema ni ukali wake tu. Wamama vijana walifundishwa kufuta ufizi wa mtoto kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa, basi, hakuna kuchokonoa.

Mimi nilikua, nikasoma, nikapata kazi ya ofisi katika biro moja pale bandarini. Nilijifunza kucheka mdomo umefungwa. Angalia picha zangu zote, hata ya harusi: midomo imebanwa, unaweza kudhani nimelazimishwa. Mume wangu, dereva wa treni, alinitania mpaka akachoka. Mama yangu alifariki bila kubadilisha hadithi yake. Ziwa lilipanda likala nyumba za chini, na ya Mama Mukunga ikiwemo, akahamia mlimani kwa mtoto wa dada yake. Foleni ikaisha. Asubuhi ya kwanza bombani bila yeye, wamama walichota maji kimya, na mimi nilirudi nyumbani ndoo haijajaa.

Kisha nikamzaa Neema. Alipotimiza miezi sita akapata homa. Mume wangu alikuwa safarini na treni upande wa Kabalo, na nyumbani nilikuwa na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Nyunzu kunisaidia kumlea mjukuu. Ni mwanamke mwema, na hapo ndipo taabu, kwa sababu mtu mwema huwezi kumfukuza. Alfajiri alimfungua mtoto mdomo, akajishika kichwa.

"Mama Neema! Mutoto iko na meno ya plastiki. Angalia weupe huu!"

"Mama, tunaenda hospitali."

"Hospitali hawajui hii. Watamupiga sindano na atakufa. Nilizika mumoja kwa ugonjwa huu, sitazika huyu."

Alilia aliposema hivyo. Nilipokuwa ninafunga vitu vya mtoto, yeye alikwenda bombani kuuliza. Alirudi mbio, uso umechangamka.

"Nimemupata! Bamama bazee banasema kuko mukunga mumoja wa zamani, anakaa mulimani. Huyo njo mwenyewe, ndiye alikuwa anatoa."

Alipotaja nyumba, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Mama Mukunga? Wamemdanganya, masikini. Nikafikiri: vizuri sana, tupite huko, ni njiani kuelekea hospitali, atamkaripia huyu mama mpaka asahau njia ya Nyunzu, nami nitampeleka mwanangu hospitali kwa amani. Kweli nilifurahia moyoni. Nikamfunga Neema mgongoni, tukapanda.

Mama Mukunga alikuwa amekaa mlangoni, mdogo, mifupa imetokeza, lakini kikombe na mswaki viko kando yake. Aligusa paji la uso la Neema, akavuta ngozi ya tumbo, akatazama ufizi kidogo tu.

"Hii ni homa ya hospitali. Muende sasa hivi, nisiwacheleweshe."

"Mama," mama mkwe wangu akapiga magoti, "nakuomba. Wamesema wewe ulikuwa unatoa. Batoto bengi. Toa na kwa huyu."

Nilingoja ukali. Nilingoja ile sauti ya kizingitini. Haikuja.

"Ni kweli," Mama Mukunga akasema. "Nilikuwa ninatoa."

Hakunitazama mimi, alimtazama mama mkwe wangu. Kisha akaniita karibu, akaniambia kile alichowaambia watoto wote wa avenyu yetu isipokuwa mimi.

"Fungula kinywa."

Nilifungua. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja juu kulia, bila kutafuta, kikasimama penye pengo.

"Mama wa Nyunzu, sogea, angalia. Hii njo kazi yangu. Alikuwa na miezi sita, kama huyu. Homa, kuhara, mama yake analia kama unavyolia. Nilitoa kwa sindano ya kushonea gunia. Homa ikashuka, ingeshuka tu hata bila mimi, na mama yake akanishukuru, na mimi nikajishukuru. Wengine wawili nilitoa wakakufa, nikasema wamechelewa kuletwa. Nilisema hivyo! Halafu huyu akafika umri wa meno, nikaona halioti. Nikangoja mwaka. Halioti. Njo nikajua nilitoa nini. Sindano nikaitupa Lukuga. Nikaanza kupanga batoto bombani niwaangalie vinywa, nihesabu nimeharibu wangapi. Niliona wote. Huyu peke yake nilishindwa kumuangalia, sababu huyu nilikuwa ninajua bila kuangalia."

Kidole bado kilikuwa kinywani mwangu. Nilikitoa. Mama mkwe wangu aliinuka, akapangusa magoti, akasema polepole, "Twende hospitali, mwanangu." Tulikwenda. Ilikuwa malaria. Siku ya tatu Neema alinyonya vizuri, ya tano akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikasirika wiki baada ya wiki. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama yangu aliyelala kaburini na sufuria yake, nikakasirikia kila picha iliyo ukutani. Miaka thelathini ya kubana midomo, na kumbe kulikuwa na mtu aliyejua, aliyekaa mlango wa tano kutoka kwetu, ambaye angeweza kuniambia: si wewe, ni mimi. Mume wangu aliporudi nilimweleza. Akauliza, "Na Neema?" Nikasema Neema ni mzima. "Ni nani alimwokoa kutoka mkononi mwa mama yangu?" Nilikwenda kuosha vyombo.

Jino la kwanza la Neema lilipotoka, chini katikati, jeupe, dogo, nilijikuta nimemfunga mgongoni ninapanda mlima. Ilikuwa asubuhi, saa ile yetu.

Mama Mukunga aliponiona aliinuka. Alinawa mikono. Alimtazama Neema, akagusa lile jino kwa ncha ya kidole, akanifundisha yale niliyokwisha kuyajua: kitambaa safi, maji, na sasa mswaki mdogo laini, kadawa kembamba. Kisha nikaketi juu ya kibao chake, nikafungua kinywa bila kuombwa. Alihesabu yote, kwa sauti, kama zamani, akainua ulimi kwa mpini wa kijiko.

"Thelathini na moja," akasema. "Safi. Umeyatunza yote niliyokuachia."

Hakusema "pita". Alibaki amesimama mbele yangu, mikono imeshikana, kikombe kimening'inia kidoleni. Nilijua anachongoja. Nilikuwa nimesimama hivyo mara nyingi mbele yake, mdomo wazi, jua linachomoza, ninangoja neno moja.

"Sasa wewe, Mama," nikamwambia. "Fungula kinywa."

Alifungua. Yalikuwa yamebaki machache, na lile la chupa, limevunjika kipande, bado lipo, limesuguliwa vizuri. Niliyatazama yote, juu, chini, nyuma kabisa. Hasira yangu haikuwa imekwisha, na sitawadanganya kwamba imekwisha hata leo. Lakini sikutazama ziwa.

"Haya," nikasema. "Pita."

Mama Mukunga akafunga mdomo, akashika kikombe chake vizuri, akapita mbele yangu polepole mpaka ukutani, kama mtoto anayekwenda shule.